Hedifoni za Samira

Ilianza na kaswida moja. Sabiha, fundi cherehani wa Ngamiani, aliisikiliza kwa hedifoni zisizo na waya za binti yake Samira, aliyefariki kwa homa mwezi uliopita. Kwa simu yake mwenyewe sauti ilikuwa nyembamba. Alipoziunganisha na simu ya Samira, kaswida ile ile ikajaa, na chini yake akasikia mtu anahema.

Akazipeleka kwa Badru, fundi simu wa mtaani.

"Si ajabu, Bi Sabiha," Badru alisema. "Kila simu huibana sauti kwa namna yake kabla ya kuirusha. Halafu marehemu alipandisha besi."

"Na anayehema?"

Badru akazivaa, akasikiliza, akazivua upesi. "Hilo silijui, mama. Nenda nazo."

Tangu hapo, kila baada ya alasiri, Sabiha alijifungia chumbani kwa Samira, na pumzi ile ikawa mnong'ono, na mnong'ono ukawa sauti ya mwanawe ikimwomba aseme tu "karibu" ili arudi, huku chumba kikinuka udi ambao hakuna aliyeuchoma, na godoro likibonyea taratibu ubavuni pake kama mtu anayekaa. Akaacha kushona. Akaacha kula.

Mumewe, Massoud, akamleta Maalim Shaib wa Pemba, anayewasomea dua wenye majini.

"Usiikaribishe sauti hiyo," Shaib alimnong'oneza. "Iulize mwanao alisema nini mwisho."

Sabiha akauliza. Sauti ikajibu kwa upole, "Nilisema nakupenda, mama."

Alifumba macho, machozi yakamtoka.

"Si yeye," alisema.

Shaib akasoma. Simu ikapata moto, ndani ya hedifoni kitu kikalia kwa sauti ya Samira, kisha kwa sauti ya mwanamume mzee, kisha kikanyamaza. Udi ukakatika. Kaswida iliporudi, ilikuwa kaswida tu.

Maalim alipoondoka, Massoud akauliza, "Ulijuaje?"

Sabiha hakumtazama. "Neno lake la mwisho lilikuwa, 'Niitie baba.' Nikamwambia wewe utarudi jioni. Nilidhani ni homa ya kupita, sikutaka kukutoa kazini."



"Sikuwa kazini," Massoud alisema. "Nilikuwa hapo nyumba ya pili, nacheza bao. Ungeita, ningesikia."