Wali Uliorudi Jikoni

Kama Talib angekula kitu cha maana asubuhi ile, asingeuangukia mkoba wa Khairat pale sokoni Darajani. Lakini alitoka kwao na chai ya sukari na andazi tu. Saa tano haijafika, magoti yakamlegea mbele ya magunia ya kunde, na ndimu za msichana wa watu zikatawanyika chini.

"Umekula nini leo?" Khairat aliuliza, akiuweka sawa mtandio wake wa zambarau, kicheko kimembana.

"Chai na andazi."

"Ndo maana! Kula mayai na kunde, kaka. Mayai yana protini, kunde zina nyuzinyuzi, hukaa tumboni. Hutosikia njaa mpaka adhuhuri."

Talib aliona haya, akaokota ndimu zote, na nambari ya simu akaipata. Wakapigiana mpaka wakapendana, na siku moja Khairat akasema mama yake, Bi Mashavu, anamwita kwao, mtaa wa Ng'ambo, kwa chakula cha mchana, amwone kabla ya posa.

Hapo Talib akaingiwa na hofu. Anajijua, akiwa na njaa hula bila breki. Asionekane mlafi! Basi asubuhi ya siku yenyewe akashindilia mayai na bakuli zima la kunde za nazi.

Mchana alifika na kanzu iliyonyooka kwa pasi, ananukia udi. Bi Mashavu akamtengea sinia la wali na pweza wa nazi aliyempika tangu alfajiri. Tonge la kwanza likapita kwa shida. La pili likakwama.

"Mwanangu, chumvi haikukolea?"

"Chakula kizuri, mama. Nimeshiba."

"Kwa matonge mawili?"

Wali ukarudi jikoni kama ulivyokuja. Kwa Bi Mashavu, mkwe anayegusagusa chakula anawaonea kinyaa wenye nyumba.

Jioni simu ikalia. "Mama analia, Talib. Anasema unatuona wachafu, posa hataki kuisikia."

"Roho yangu..."

"Usiniite roho yako! Ulikuwa na nini?"

 Mwanamme mzima aseme alikula kwao kwanza kwa kuogopa sahani ya ukweni? Khairat akachoka kungoja, akakata simu. Tangu hapo hakupokea tena, na Talib akawa anapita Darajani uso chini kwa aibu.

Mwisho alijikokota mpaka Ng'ambo, hajatia kitu mdomoni tangu jana yake.

"Hodi!"

"Karibu," Bi Mashavu alijibu, bila tabasamu.

"Shikamoo, mama. Siku ile nilikuja nshakula mayai na kunde. Niliogopa utaniona mlafi. Nisamehe."

"Nani kakufunza mambo hayo?"

Khairat alitokeza nyuma ya pazia, akajifunika uso kwa mtandio. "Mimi, mama. Lakini sikumwambia ale siku ya kuja kwetu!"

Kabla hajajibiwa, tumbo la Talib likanguruma, nyumba nzima ikasikia. Alitamani ardhi impasukie.

"Leo hujala?"

"Haya zimenizuia, mama."

Bi Mashavu akatandika mkeka, akafunua sufuria. "Kaa. Leo ukibakisha, posa usilete."

Talib alikula machozi yanamlengalenga, mbele ya msichana anayempenda, bila breki yoyote. Alipofika kwenye ukoko, Bi Mashavu akamkwangulia mwenyewe.

"Waambie wazee wako waje Ijumaa," alisema. "Na waje na njaa."