Simu ya Mezani ya Mama

Haya yalimkuta rafiki yangu kinyozi, na mpaka leo akiyasimulia huweka wembe chini kwanza.

Asubuhi moja, nyumbani alikokaa na mama yake, aling'oa ruta, kile kisanduku cha intaneti alichofungiwa na kampuni ya mtandao, akafunga nyingine aliyojinunulia dukani, ili mpira anaoutazama mtandaoni usimkwamekwame.

"Usije ukaniharibia simu yangu, mwanangu," mama yake akasema kutoka kitandani, alikokuwa akiugua.

"Simu ya mezani na mtandao wapi na wapi, mama?" akacheka, akaenda zake kazini.

Kumbe waya wa simu ile ulikuwa umechomekwa kwenye ruta ya zamani, na ilipong'olewa, simu nayo ikafa. Jioni alimkuta mama amekata roho, mkono wa simu kifuani.

Baada ya mazishi aliitia simu sandukuni, akaisukuma ndani kabisa ya stoo, kusiko na taa. Siku moja alikuwa akifagia mlangoni pa stoo hiyo, simu yake ya mfukoni ikaita. Kwenye kioo pameandikwa: "Mama, nyumbani." Ikaita, ikaita. Mwishowe, Mungu amsamehe, akaikata.

Ndipo kule gizani, ndani ya sanduku, akasikia mkono wa simu ukirudishwa taratibu mahali pake.