Pikapu ya Ting na Pof

Kaeni vizuri. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana tukianza hatusimami.

Haya.

Huko Tukuyu mvua hunyesha asubuhi. Ikichoka hupumzika kidogo, kisha hunyesha tena.

Huko aliishi msichana wa miaka sita, jina lake Tusekile. Aliishi na Mama yake, fundi wa magari.

Mama alikuwa na ovaroli yenye mifuko saba. Tusekile alikuwa na kijiko kimoja.

Kijiko hicho hakikuwa cha kulia uji. Kilikuwa cha kugonga magari. Zamani kilikuwa cha kulia uji, lakini Mama alikata tamaa.

"Mwenye gari bovu atalisifia mpaka jioni," Mama alimfundisha. "Wewe usibishane naye. Wewe gonga, usikilize."

Ting! Chuma kipo.
Pof! Chuma hakipo.

"Basi?" aliuliza Tusekile.

"Basi," alisema Mama.

Mama alitengeneza magari ya watu wengi. Jioni watu hao walipanda magari yao, wakaondoka. Mama na Tusekile walirudi nyumbani kwa miguu, na mvua juu yao.

Jumamosi moja wakaenda kwa mzee mmoja aliyeitwa Babu Ambakisye. Alikuwa anauza pikapu ya zamani. Mama alitaka kuinunua na kuifufua.

"Sikiliza, Tusekile," Mama alisema njiani. "Kasoro tisa nitazitengeneza. Zikifika kumi, tunaaga na kuondoka."

"Tisa ndiyo, kumi hapana," alisema Tusekile.

"Na usinibembeleze."

"Sikubembelezi."

Pikapu ilikuwa shambani, katikati ya migomba. Ilikuwa ya buluu, yenye mashavu manene, na ilikuwa na taa moja tu.

Tusekile aliipenda hapo hapo.

"Ina miaka mingapi, Babu?" aliuliza.

"Hamsini na miwili," alisema Babu Ambakisye. "Inamzidi mama yako."

Tusekile ni mtoto mwenye adabu. Akainama mbele ya pikapu.

"Shikamoo, pikapu."

Pikapu ikanyamaza.

"Marahaba," Babu aliijibia. "Haisikii vizuri. Uzee."

Mama akaanza kukagua.

"Taa ya kushoto haipo," alisema.

"Inakukonyeza tu," alisema Babu.

Tusekile akakunja kidole cha kwanza.

Mama akaingia ndani, akabonyeza honi.

"Piiiii!"

Mama akashangaa. Akabonyeza tena.

"Piiii-koh! Koh! Koh!"

Honi ilikuwa na kikohozi. Tusekile akazunguka nyuma ya gari kuangalia. Babu Ambakisye alikuwa amechuchumaa huko, mashavu yamevimba.

"Nilikuwa naisaidia," alisema Babu.

Tusekile akakunja kidole cha pili.

Matairi yote manne yalikuwa yamelala chini.

"Yanapumzika," alisema Babu. "Ujanani yalifanya kazi sana."

Hizo zingeweza kuwa kasoro nne. Mama alizihesabu moja. Mama ana huruma, ila hapendi isemwe.

Tusekile akakunja kidole cha tatu.

Mama akafungua boneti. Kriiiii.

Mahali pa betri palikuwa na kuku. Kuku alikuwa amekalia mayai. Aliwatazama kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga.

"Samahani," alisema Mama. Akafunga boneti taratibu.

Tusekile akakunja kidole cha nne.

"Na mlango huu," alisema Babu, "unafunguka vizuri sana."

Akauvuta. Kweli ulifunguka vizuri sana. Ulifunguka, ukatoka, ukaenda na Babu mpaka kwenye migomba, wakalala huko wote wawili.

"Umeona?" alisema Babu, chini ya mlango.

Mama akamwinua. Tusekile akakunja kidole cha tano.

Mkono wa kushoto ukawa umekwisha. Tusekile akaanza wa kulia.

Mgomba mdogo ulikuwa umetoboa sakafu ya gari. Ulikuwa umeota upande wa abiria, umetoa majani dirishani.

"Huyo ni abiria," alisema Babu. "Mpole. Hana maneno."

Kidole cha sita.

Waipa hazikuwepo hata moja. Kidole cha saba.

"Na breki?" aliuliza Mama.

"Breki haijanisumbua miaka kumi na moja," alisema Babu.

"Uliiendesha lini mara ya mwisho?"

Babu akatazama mawingu. "Miaka kumi na moja iliyopita," alisema.

Kidole cha nane.

Sasa Tusekile alibaki na vidole viwili tu. Kijiko kilikuwa kinateleza. Akakibana kwapani.

Akaisogelea pikapu, akainong'oneza.

"Tafadhali. Usiwe na kitu kingine."

"Tazameni bodi sasa," alisema Babu kwa haraka. "Laini. Inang'aa. Tundu hakuna."

Kweli tundu hakuna. Rangi ya buluu ilikuwa mpya, imepakwa juzi juzi tu.

Mama akamtazama Tusekile. Tusekile akachukua kijiko chake kwa vidole viwili. Akagonga ubavu wa pikapu.

Pof.

Akagonga pembeni.

Pof.

Akagonga chini kidogo.

Pof.

"Rangi nzuri," alisema Mama. "Sauti mbaya."

Mara kuku akatoka chini ya injini. Alikuwa na njaa. Akatembea moja kwa moja mpaka kwenye ubavu wa pikapu.

Do. Do. Do. Akadonoa, akameza.

"Babu," alisema Tusekile, "kuku wako anakula gari."

"Kuku hali gari," alisema Mama. Akabandua kipande kidogo, akakinusa. Akampa Tusekile naye akanusa.

Tusekile alikuwa anaijua harufu hiyo. Kila mtu anaijua.

"Mama, huu ni ugali."

Babu Ambakisye akatazama vidole vyake vya miguu. Akavitazama kwa muda mrefu, kama anaviona kwa mara ya kwanza.

"Mafundi huziba matundu kwa pati," alisema Babu polepole. "Mimi sina pati. Nina unga."

"Babu Ambakisye," alisema Mama.

"Nilisikia wageni wanakuja. Wageni wakija, mtu hufagia uwanja, hupaka nyumba. Nami nikasonga ugali, nikaziba, nikapaka rangi. Nilitaka ipendeze." Sauti ikawa ndogo. "Ilinibebea mahindi, ikanibebea watoto. Sikutaka muione na matundu."

Babu aliona aibu kweli. Masikio yake yote mawili yaliona aibu.

Mama alitaka kukasirika. Alikunja uso. Aliweka mikono kiunoni. Halafu mdomo ukamponyoka, akacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Babu naye akacheka, na Tusekile akacheka.

Kuku hakucheka. Alikuwa anakula.

"Lakini kasoro ni kasoro," alisema Mama, akifuta machozi.

Tusekile akaacha kucheka. Akakunja kidole cha tisa.

Kidole kimoja tu kikabaki kimesimama.

"Bado chesisi," alisema Mama. "Chesisi ni mgongo wa gari, uko chini kabisa. Mgongo ukioza, hapo hakuna gari. Ni mabati tu yanayosubiri kuanguka."

Mama akaweka jeki ainue pikapu. Jeki ikazama kwenye tope.

Akaweka ubao chini ya jeki. Ubao ukazama, jeki ikaufuata.

Basi Mama akalala chini, aingie mwenyewe. Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia. Mifuko saba haikuingia.

"Nimenasa," ikasema sauti ya Mama.

Babu akavuta mguu mmoja. Tusekile akavuta mguu mwingine. Wakavuta, wakavuta. Plopu! Mama akatoka, kiatu kikabaki.

"Mimi nitaenea," alisema Tusekile.

Na kweli angeenea. Pikapu ilikuwa imekaa kwenye tope kama ng'ombe aliyeshiba. Haikuwa na mpango wa kwenda popote.

Tatizo lilikuwa vidole. Tisa vilikuwa vimekunjwa. Akivikunjua atambae, kasoro zitamwagika.

"Mama, nishikie tisa zangu."

Mama akakinga viganja. Tusekile akazimimina zote, taratibu. Mama akazitia kwenye mfuko wa kifuani, akavuta zipu.

"Zimefika," alisema Mama.

Tusekile akaingia chini ya pikapu na kijiko chake. Kulikuwa na giza. Kulikuwa na harufu ya oili na harufu ya kuku.

"Gonga mbele," ilisema sauti ya Mama.

Ting!

"Chuma kipo," alisema Tusekile.

"Gonga katikati."

Ting!

"Chuma kipo."

"Haya, nyuma."

Tusekile akatambaa mpaka nyuma. Akagonga.

Pof.



Mvua ilikuwa imeanza kunyesha. Ilipiga mabati, pa-pa-pa-pa. Huko nje hakuna aliyesikia pof. Aliisikia yeye peke yake.

Angeweza kusema ting. Ting ni neno fupi. Angelisema tu, na pikapu ingekuwa yao, na wasingetembea tena kwenye mvua.

Akafungua mdomo.

Halafu akauwaza ule mgongo ukikatika barabarani, na Mama yumo ndani anaendesha.

"Pof," alisema Tusekile.

Akaanza kulia. "Mama, ni pof. Zimefika kumi."

Mvua tu ndiyo iliendelea kusema.

"Haya," alisema Mama. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Toka, mwanangu. Twende nyumbani."

Tusekile alikuwa na huzuni, na huzuni ikamtia hasira. Akaipiga pof moja ya mwisho kwa nguvu.

Kijiko kikanasa.

Akakivuta. Kikatoka na donge. Tusekile akalinusa.

"Babu," aliita kutoka chini, "mpaka huku?"

Babu Ambakisye akakohoa, kama ile honi.

"Ulibaki," alisema.

"Nini kilibaki?" aliuliza Mama.

"Ugali. Nilisonga mwingi, matundu yakaisha. Nikaona niupake hapo chini." Babu akajikuna kichwa. "Chakula hakitupwi."

Tusekile akafuta machozi kwa mkono wenye tope. Akaanza kukwangua.

Kwa-kwa-kwa. Likaanguka donge.

Kwa-kwa-kwa. Likaanguka jingine, kubwa la kutosha watu wawili.

Chini ya ugali kulikuwa na kitu cheusi, kigumu, cha baridi. Tusekile akakigonga.

TIIING!

Ilikuwa ting kubwa kuliko zote. Ilitoka chini ya gari, ikapita kwenye migomba, ikafika kwa jirani. Jirani akadhani ni kengele ya kanisa, akaanza kutafuta viatu.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Mama. "Chuma kipo."

Tusekile akatoka. Alikuwa na tope mbele na nyuma, na ugali kwenye nyusi.

Mama akafungua zipu ya mfuko wa kifuani. Wakachungulia wote wawili.

"Zimo ngapi?" aliuliza Mama.

"Tisa," alisema Tusekile.

"Tisa nitazitengeneza."

Mama na Babu wakapeana mikono, na pikapu ikanunuliwa.

Kwenda nyumbani ilivutwa na ng'ombe wawili wa jirani, yule wa viatu. Walichagua njia ya kupanda kilima, kwa sababu ya breki.

Mama alishika usukani. Tusekile alikaa karibu na mgomba. Kuku alikuwa amesharudi kwenye mayai yake, akakataa kushuka, na Babu Ambakisye akatembea kando ya boneti akimwambia awe na subira.

Kila walipopita, watu walisimama barabarani kutazama. Tusekile aliwapungia mkono kama bibi harusi.

Jioni Mama alimwogesha Tusekile. Maji yalibadilika rangi mara tatu. Kisha akamlaza, akamfunika blanketi mpaka kidevuni.

"Mama."

"Nakusikia."

"Kule chini. Kama ningesema ting?"

Mama akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akamtoa chembe ya ugali kwenye nyusi, ya mwisho.

"Ningekuamini," alisema.

Tusekile akafikiria jambo hilo. Akamshika Mama mkono, akalala.