Nilimkana Mama Aliyenilisha

Nina umri wa miaka hamsini na saba. Ni muuguzi mstaafu, mama wa watoto watatu, na mtaani kwangu hapa Singida watu husema mimi ni mpole nisiyeweza kumdhuru mtu. Wakisema hivyo huwa nainamisha kichwa. Wanadhani ni unyenyekevu... Laiti wangejua!

Nayaandika haya kwa sababu binti yangu wa mwisho ameajiriwa mwaka huu. Juzi alinipigia simu akacheka, akaniambia ofisini kwao kuna mwenzao mmoja "wamemgomea" na hakuna anayeongea naye. Nikamuuliza amekosa nini. Akajibu, "Hata sijui, mama. Wote tu hawaongei naye." Nikaona afadhali aibu yangu isomwe na watu kuliko niondoke nayo duniani.

Nilipangiwa kazi Kigoma nikiwa na miaka ishirini na minne. Ilikuwa miaka ile ya vita vya majirani zetu, wakimbizi wakiingia kwa makundi, wengine kwa miguu kupitia mpakani, wengine kwa maboti ya ziwani. Mume wangu alibaki huku akifundisha. Nilishuka kwenye treni nikiwa na begi moja na mimba changa, simjui mtu hata mmoja. Nikapanga chumba Buzebazeba, nikaanza kazi kwenye kituo cha afya ambacho jina lake naomba niliache.

Mwezi wa pili mimba iliharibika.

Aliyenishika mkono siku ile alikuwa muuguzi mwenzangu, nitamwita Anastazia. Alikuwa Muha, mwenyeji wa mkoa ule ule, mwembamba, mwenye maneno machache. Alinifulia shuka zangu zenye damu kwa mikono yake, hakuniruhusu hata kuzigusa. Nilipopata nguvu alinichukua kwao, kijiji kimoja njiani kwenda Kasulu, nikakaa siku tisa. Mama yake alikuwa mjane, na Anastazia ndiye mtoto pekee aliyemsalia. Mama huyo alinipikia ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, kwa mawese, akanikanda kiuno kwa maji ya moto kila asubuhi. Akiingia chumbani alinisalimu "Mwakeye," nami nikajifunza kumjibu. Alinionyesha kaburi la mumewe nyuma ya nyumba, na cheti cha ubatizo cha Anastazia alichokitunza ndani ya Biblia. Siku ninaondoka alilia kama anayeagana na mwanawe.

Kwa hiyo nilijua. Wasomaji wenzangu, shikeni hilo. Nilijua Anastazia alizaliwa wapi, na wa nani!

Kazini tulikuwa watumishi kumi na wanne, wengi wetu tumetoka mikoa mingine. Saa nne asubuhi tulikunywa chai pamoja kwenye chumba nyuma ya dirisha la dawa. Mkuu wa wauguzi, Sista Hilda, alikuwa mcheshi na mwenye moyo wa kutoa. Ukifiwa alikuwa wa kwanza kuchangisha. Alipenda kusema, "Hapa sisi ni kitu kimoja." Mimi niliyekuwa mgeni na mpweke nililipenda neno lile... nililipenda mno.

Kisha maboti yakaongezeka. Watu walishushwa ufukweni wamechoka, watoto macho yameingia ndani, na haikupita wiki kipindupindu kikaingia kwenye mahema upande wa Bangwe. Agizo likaja kwamba kituo chetu kitoe wauguzi wa kwenda huko.

Asubuhi ile, mezani kwa chai, Sista Hilda alisema hatwendi. Alisema tumechoka, tuna watoto, glavu hazitoshi, walete watu wengine. Hakusema uongo. Mikono ilipigwa mezani, kila mtu akasema hatwendi, nami nikasema.

Anastazia akaweka kikombe chake chini. "Mimi nakwenda," alisema. "Kule watu wanakufa kwa kukosa maji ya chumvi na sukari tu. Hilo siwezi kulinywea chai."

Sista Hilda akamuuliza, "Kwa hiyo sisi wote ni wabaya, wewe ndiye mwema?"

"Sijasema hivyo, sista. Nimesema nakwenda."

Akaondoka na Rajabu, dereva wetu wa gari la wagonjwa, mzaliwa wa Ujiji. Alikaa kwenye mahema yale wiki tatu. Aliporudi, amekonda na viganja vimebabuka kwa dawa ya klorini, hakuna aliyempa pole.

Hapo ndipo ilipoanza. Akiingia chumba cha chai, mazungumzo yanakatika. Kikombe chake kikawekwa peke yake dirishani, eti ana vijidudu. Zamu mbaya zote zikawa zake. Mimi je? Kwake jioni nilikuwa rafiki, nikimwambia avumilie. Kazini nilikaa na wenzangu, na walipomwigiza anavyotembea nilicheka... Nilicheka, jamani!

Mara yakaja maneno mengine. Huko kwenye mahema alikuwa akiongea na wagonjwa kwa lugha yao. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kila mtu wa Kigoma anajua hilo. Lakini sisi wa kuja tulikuwa hatuwezi kuvitofautisha, na hatukutaka kujifunza. Mmoja akauliza kwa utani, "Huyu kweli ni Mtanzania?" Kesho yake utani ukawa swali. Wiki iliyofuata swali likawa jibu: Anastazia ni mkimbizi aliyejipenyeza kazini, ndiyo maana anawapendelea wenzake, na chupa za dripu zinazopungua stoo anawapelekea wao.

Nani aliona? Hakuna. Nani alisema kwanza? Mpaka leo hakuna anayejua!

Siku moja Sista Hilda alileta barua mezani, imeshaandikwa, ikiomba wakubwa wachunguze uraia wa Anastazia na kumwondoa kwa usalama wa kituo. Ikapitishwa mkono kwa mkono. Niliona majina yakijipanga, moja chini ya jingine, na kalamu ikizidi kusogea karibu yangu. Nilitaka kusema, "Jamani, mimi nimelala kwao, nimekula na mama yake." Sentensi moja tu! Lakini nikawaza kikombe changu nacho kikipelekwa dirishani. Nikawaza kukaa peke yangu katika mji ule, bila mume, bila ndugu...

Nikasaini. Nilikuwa wa kumi na mbili.

Barua ikamfikia Rajabu, aliyekuwa amesimama mlangoni. Akaisoma yote taratibu, akairudisha. "Mimi silijui jambo hili," alisema. "Siwezi kuweka jina langu."

Sista Hilda akamwambia yuko peke yake. Rajabu akajibu, "Sawa tu," akaenda kuosha gari lake.

Mnajua walimfanya nini? Hawakumfanya lolote! Kesho yake alikuja kazini, akanywa chai yake, mwezi ukaisha akapokea mshahara kama sisi. Kile nilichokiogopa hadi nikamuuza rafiki yangu hakikuwapo.

Siku chache baadaye walikuja maafisa wawili wa uhamiaji. Anastazia hakuwa na cheti chochote mfukoni, nani anatembea na cheti? Akaambiwa atapelekwa kambini akae na wakimbizi mpaka uchunguzi ukamilike. Mmoja wa maafisa aliniita kando. Alikuwa amesikia kwamba tulikuwa karibu. Akaniuliza kama nimewahi kufika kwao. Sista Hilda alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale.

"Hapana," nilisema. "Sijawahi."

Anastazia alisikia. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kusoma maandishi yaliyo mbali, kisha akapanda gari.

Ningekoma hapo pengine Mungu angenisamehe upesi. Sikukoma.

Wiki ya nne tangu achukuliwe, saa ya chai, tulikuwa tumekaa nje kwenye benchi kwa ajili ya joto. Akaingia getini mama mzee, miguu imejaa vumbi hadi magotini, ameshika mfuko wa plastiki. Nilimtambua kabla hajafika.

Aliangaza macho kwenye nyuso zetu, moja baada ya nyingine, ndipo akaniona. Uso wake ukafunguka kwa furaha! Akanyoosha mikono yote miwili.

"Esta! Mwanangu Esta! Mungu ni mwema, nimekukuta. Waambie hawa. Wewe umelala kwangu, umeona kaburi la baba yake. Waambie mwanangu si mkimbizi. Cheti chake ndicho hiki hapa..."

Benchi zima likageuka kuniangalia. Sista Hilda aliinua nyusi.

Nikasema, "Mama, umenifananisha. Mimi sikujui."

Mikono yake ilibaki hewani kidogo. Akaishusha. Akanisogelea, akanitazama vizuri, halafu akasema kwa upole ambao bado unanichoma: "Nisamehe, mama. Macho yangu yamezeeka. Yupo binti mmoja mnafanana naye sana."

Akaniomba radhi... Yeye akaniomba radhi mimi!

Rajabu ndiye aliyeinuka. Alimpa maji, akamkalisha kivulini, akachukua kile cheti na kukipeleka mwenyewe kwa wakubwa mkoani. Mama alirudi kijijini siku ile ile. Shinikizo la damu lilikuwa limempanda. Alilala siku tano, ya sita akafariki.

Habari za msiba zilifika kituoni asubuhi. Nilivaa khanga yangu juu ya sare, nikachukua pochi. Mtu mmoja akauliza, "Esta, unakwenda wapi?" Akauliza hivyo tu, kwa sauti ya kawaida. Nikasema, "Nilikuwa natafuta dawa ya kichwa," nikakaa. Katika watumishi wote aliyekwenda kuzika ni Rajabu, kwa baiskeli ya kuazima, maana gari walimnyima.

Anastazia alitolewa kambini siku nne baada ya mazishi. Cheti kilikuwa kimekubaliwa, na padri wa parokia yao alikuwa amekwenda kuthibitisha. Alitoka akiwa huru, raia kamili, akakuta udongo wa kaburi la mama yake umeanza kukauka.

Wakubwa waliporudi kuuliza kulikoni, mngetuona! Kila mmoja alisema alisaini kwa sababu wenzake walikuwa wamesaini. Sista Hilda mwenyewe alisema alikuwa akifikisha maoni ya wengi. Watumishi kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyefanya kosa! Stoo ikahesabiwa upya, chupa za dripu zikakutwa nyuma ya maboksi ya sabuni, zimepangwa vibaya tu.

Anastazia aliitwa arudi kazini, akakataa. Nilikaa wiki mbili bila kulala vizuri, ndipo nikapanda gari kwenda kwao. Nilimkuta uani anamenya muhogo, shangazi yake ameketi kando. Nilipiga magoti. Nikaanza kusema niliogopa, nilikuwa mgeni, wote walikuwa...

Akanikatiza. "Esta, wale wengine sina neno nao. Hawanijui. Lakini nina jambo moja la kukuuliza." Akaweka kisu chini. "Shangazi amenisimulia. Mama alirudi kutoka mjini akasema amekutana na binti anayefanana sana na Esta wetu, lakini hakuwa Esta. Alisema, 'Esta angekuwepo pale, asingeniacha.' Alikufa anasema hivyo. Sasa niambie wewe. Alikuwa amefananisha?"

Jua lilikuwa kali. Kuku walikuwa wakichakura karibu na kaburi jipya, pembeni ya lile la zamani. Ningeweza kudanganya tena... Kwa mara ya kwanza katika mkasa huu wote, sikudanganya.

"Hapana," nilisema. "Yule nilikuwa mimi."

Shangazi alishika mdomo. Machozi yakamtiririka Anastazia. Alikuwa hajalia mbele yangu hata siku ile alipochukuliwa.

"Ahsante kwa kusema kweli," aliniambia. "Sasa nenda, Esta. Usirudi."

Sikumwona tena. Nilisikia alihamia mkoa mwingine, anahudumia akina mama wajawazito. Nimemwandikia barua nyingi kupitia parokia yao, sijapata jibu, na sistahili jibu. Nimeokoka, nimeungama, nimefunga na kuomba. Lakini nikisimama kwenye kundi lolote, hata la kwaya, mtu akiniita jina langu ghafla, bado nashtuka.

Na wale wenzangu niliowaogopa kiasi kile? Tulihamishwa mmoja mmoja, tukatawanyika. Leo sijui hata mmoja anaishi wapi. Nilimkana mama aliyenilisha ili nisipoteze nafasi kwenye benchi la watu ambao hata hawanikumbuki!

Ndugu msomaji, wewe uliye ofisini, shuleni, kwenye kikundi cha simu au kwenye kamati ya mtaa... Kuna mtu wanamsema. Huenda unamjua kuliko wao. Nakusihi, usingoje mwingine aanze, maana mwingine naye anakungoja wewe. Tamka unachokijua siku hiyo hiyo, hata sauti ikikutetemeka, hata ukibaki peke yako. Upweke wa namna hiyo una mwisho wake. Huu wangu nimekaa nao miaka zaidi ya thelathini, katikati ya watu wanaonisifu upole.