Majina Matatu na Kimya Kimoja

Siku moja kabla ya sherehe, mama mkwe alinituma mjini kuchukua picha ya mume wangu kwa mpiga picha. Ilikuwa kubwa, karibu sawa na dirisha, ndani ya fremu ya mbao yenye kioo. Kesho yake wakubwa wangekuja mtaa wa Saio kufungua barabara iliyopewa jina lake, Avenue Adjudant Sébastien. Mimi Agathe, mjane wake, ningesoma discours, hotuba ambayo Kapiteni Fabien alikuwa ameshaniandikia.

Mume wangu alipigwa risasi na serikali ya nchi nyingine. Kule walimhukumu kama mharibifu: aliingia kwa siri, akatega baruti kwenye depo ya mafuta, depo ikalipuka. Huku kwetu redio ilisema aliteketeza mafuta ya adui, na kwamba hakuwataja wenzake mpaka dakika ya mwisho. Huku ni shujaa. Wanafunzi wanaliimba jina lake. Mwili hatukupewa.

Kuhusu watu waliokuwa karibu na depo siku ile, redio yetu haikusema kitu.

Na mimi sikuuliza.

Nilitoka kwa mpiga picha jua likiwa linazama. Wenye pikipiki walikataa kunibeba, waliogopa kile kioo. Nikaifunga picha kwa shuka, nikaitwika kichwani, nikashika njia ya kwetu, mtaa wa Rwambuzi, kwa miguu. Umeme ulikuwa umekatika. Jenereta za madukani zilikuwa zinaanza kunguruma, moja hapa, nyingine kule.

Nilipoacha barabara kubwa nikasikia harufu.

Mazutu, yale mafuta ya dizeli.

Nilidhani ni gari bovu lililopita. Lakini chini ya mazutu kulikuwa na harufu nyingine... nywele zilizoungua.

Kisha hatua. Kandambili moja tu, nyuma yangu. Pah... halafu kimya. Pah... halafu kimya.

"Mama, nikusaidie kubeba?"

Alikuwa mwanamke wa umri wangu. Amejifunga kitenge mpaka shingoni, amejikumbatia kama mtu mwenye baridi, na jioni ile kulikuwa na joto.

"Asante, mama. Niko karibu kufika."

"Iko picha ya nani?"

"Ya bwana yangu."

"Nionyeshe."

Sijui kwa nini nilitii. Nilishusha picha, nikafungua shuka. Alimtazama Sébastien kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole juu ya kioo, penye mdomo wa mume wangu.

"Njo yeye, huyu huyu," akanong'ona. "Gari yetu ilisimama pembeni ya depo. Yeye alipita na bidon mbili, zile za kubebea mafuta. Alitusalimia muzuri. Mutoto yangu alikuwa na kiatu yenye kufunguka. Alipiga magoti, akaifunga. Kisha akaenda. Bidon aliziacha."

Nilirudi nyuma hatua moja.

"Unataka nini kwangu?"

"Kesho utasema kwa micro. Utaje batoto yangu, basi. Vital. Roger. Dorothée. Wa ine alikuwa na miezi ine, hakukuwa na jina bado. Huyo, utanyamaza kidogo tu. Atajua njo yeye unamuita."

"Na nisipowataja?"

"Mutoto akiitwa, anakuja. Wakiitwa bote pamoja, bananifuata, tunaenda. Lakini ukiita mumoja na kuacha bengine..." Alinisogelea, na ile harufu ikanijaa kooni. "Usichague, Mama Tina."

Sikuwa nimemwambia jina la binti yangu.

Jenereta ikanguruma nyuma yangu, nikageuka. Nilipogeuka tena, njia ilikuwa tupu. Juu ya kioo palikuwa na alama nyeusi ya kidole. Nikaifuta kwa ncha ya kitenge. Haikufutika, ilienea tu.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe, Mama Pétronille, anampigia pasi Tina gauni la sherehe. Tina, wa miaka saba, alikuwa amesimama juu ya kiti na nguo ya ndani tu, anakariri shairi alilofundishwa kwa ajili ya baba yake. Mtoto yule hakujua kunyamaza. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea hata usingizini.

Nilimvuta mama mkwe kando, nikamweleza yote. Alisikiliza bila kuacha pasi.

"Ulichoka na jua," akasema.

"Mama, ni majina matatu tu. Hayatachukua hata dakika."

"Batu yote ya Bunia itakuwa pale. Unataka baseme nilizaa muuaji wa batoto?"

"Na kama ni kweli?"

Aliiweka pasi chini, taratibu.

"Mimi nilizaa mumoja tu, na walimufunga kwa muti wakamupiga risasi kama mbwa. Kesho kwa mara ya kwanza atapewa heshima. Ukiharibu hiyo siku, Agathe, utatoka kwa nyumba yangu na nguo yenye uko nayo mwilini. Na Tina atabaki. Iko damu ya mwanangu, haiko yako."

Nilijua anaweza. Ndugu zake kutoka Boga walikuwa wameshafika, wanaume sita, wamelala sebuleni.

Asubuhi Saio ilijaa. Fanfare ya wanajeshi na tarumbeta zao, hema, viti vya plastiki, zulia jekundu juu ya vumbi. Nilipanda jukwaani na karatasi ya Kapiteni. Niliisoma yote. Mume, baba, mwana wa nchi. Watu walipiga makofi kila nilipotaja jina lake.

Karatasi ikaisha. Micro bado ilikuwa mbele ya mdomo wangu.

Nikamwona, nyuma ya viti, kati ya watu. Kitenge mpaka shingoni. Alikuwa ananingoja.

Nikafungua mdomo. Jina la Vital likafika kwenye meno.

Nikamtazama mama mkwe, mstari wa kwanza. Alikuwa amemshika Tina mkono. Alikuwa ameubana mpaka vidole vya mtoto vimepauka.

Nikafunga mdomo.

Nilisimama hivyo. Sauti haikutoka. Uwanja mzima ulitulia, hata fanfare haikugusa chombo. Nilisikia bendera ikipiga mlingoti. Mwishoni Kapiteni Fabien alikuja kunishika bega, akauambia umati, "Tuheshimu machozi ya mjane."

Yule mwanamke alikuwa anatikisa kichwa, polepole, kama mtu anayeona sufuria inaanguka na hawezi kuidaka.

Ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimenyamaza.

Nilikuwa nimemwita mmoja, yule asiye na jina.

Walimpandisha Tina asome shairi. Alisimama mbele ya micro, akafungua mdomo. Magoti yakalegea. Akakaa juu ya zulia, akatia ngumi mdomoni, akaanza kuinyonya. Udende ukashuka kwenye gauni lililopigwa pasi. Nilimwita. Macho yake yalinipita, yakatafuta mwangaza, kama macho ya mtoto mchanga.

Watu wakasema jua limempiga.

Wiki tatu. Daktari hakuona ugonjwa. Wachungaji waliomba mpaka sauti zikawakauka. Tina hakutembea wala kusema. Nilimlisha uji kwa kijiko, nilimfunga vitambaa, mtoto wa darasa la pili. Usiku alilia kile kilio chembamba cha mtoto wa miezi minne. Nilipomwita Tina, hakugeuka.

Nilikwenda kwa Kapiteni Fabien. Nilimwuliza kama aliona karatasi za tribunal, mahakama ya kule. Alifunga mlango kwanza.

"Walikufa kumi na tisa," akasema kwa sauti ya chini. "Kulikuwa gari ya abiria pale. Mama mumoja na batoto ine, hata kuwatenganisha haikuwezekana."

"Mama pia alikufa?"

"Pia. Juu ya nini unauliza?"

Niliinuka kwenda mlangoni.

"Uache hii maneno, Agathe. Avenue imefunguliwa. Hakuna mutu atakuya kuifunga."

Nilirudi nyumbani. Mama mkwe alikuwa kanisani. Tina alikuwa amelala chali mkekani, anachezesha miguu hewani. Nilipiga magoti. Nilitaka kumaliza nilichokianza, hata kama ni kwa kuchelewa, hata kama hakuna micro.

"Vital," nikasema.

Ngumi ikatoka mdomoni. Miguu ile iliyokuwa imekufa ikasimama. Akatazama dari, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mvulana mkubwa.

"Mulango iko wapi?" akauliza. "Mama, mulango iko wapi?"

"Roger," nikasema haraka.

Akainama akaanza kukohoa. Alikohoa bila kuvuta pumzi, uso ukawa wa kijivu, na chumba kikajaa harufu ya mazutu.

"Dorothée."

Kikohozi kikakatika.

Akainua kichwa. Akanitazama, mimi, machoni. Akatabasamu. Akaja akakaa mapajani mwangu, akanizungushia mikono shingoni, na mikono ilikuwa ya moto kama ya mtoto aliyetoka kucheza.

"Mama," akasema, "nasikia njaa."

Wiki tatu sikuwa nimeitwa mama.

Kilibaki kimya cha yule mdogo. Kunyamaza kidogo tu, na wote wanne wangekuwa wameitwa. Labda wangeondoka pamoja, na Tina wangu angerudi. Au labda yule mdogo angekuja tena na udende wake na macho yake yasiyonijua, na asiondoke. Nani angeniambia? Nilifungua mdomo nikaanza kuongea. Niliongea juu ya wali, juu ya samaki, juu ya viatu nitakavyomnunulia. Niliongea mpaka mama mkwe akarudi, akamkuta mtoto amesimama, akaanguka chini kumshukuru Mungu.

"Tina," alilia. "Tina wangu."

Mtoto aliendelea kula.

Imepita miezi minane. Anasoma, anacheza, anasuka nywele za wenzake, jambo ambalo Tina hakulijua. Mama mkwe anasema ugonjwa umembadilisha kidogo, basi. Nyumbani redio haizimwi. Majirani wanalalamika, nawaomba radhi. Betri zikiisha, naimba.

Juzi jioni nilikuwa nachambua maharagwe, umeme ukaenda, redio ikakata. Nilikuwa na kikohozi, sauti ilichelewa. Labda ilikuwa pumzi mbili, labda tatu. Katika kimya kile nikasikia, kutoka kifuani mwa yule mtoto aliyekaa mbele yangu amefunga mdomo, kilio chembamba cha mtoto mchanga. Na nyuma ya kilio, mbali sana, kama mtu aliye chini ya kisima, Tina ananiita. Aliniita mara mbili.

Dorothée aliweka chini sahani yake. Alinitazama kwa hofu.

"Mama," akanong'ona, "usiniache niende."

Nikaanza kuimba. Niliimba kwa nguvu, mpaka sikumsikia Tina tena.