Mzigo Usio na Mwenyewe

Anayetaka kuyaita haya uongo aende kwanza akalale chumba namba tisa, kisha arudi tuzungumze.

Ilianza na chaga za kitanda. Recheli alilala kitanda cha chini, Advera cha juu, na mwaka mzima chaga za juu zilikuwa zimenyooka kama rula, maana Advera, binti wa wakulima wa Lusu, alikuwa mwembamba hata wenzake wakamwambia akipita karibu na feni ashike mlango. Jumanne moja alfajiri Recheli akafumbua macho, akakuta chaga zimebonyea hadi karibu zimguse pua.

"Advera, umelala na nani huko juu?"

"Peke yangu."

"Basi umekumbatia gunia la mpunga."

Advera hakucheka. Aliteremka ngazi ya kitanda mguu mmoja, akapumzika, mguu wa pili, akapumzika, na alipofika sakafuni akasimama shingo imezama mabegani kama kobe aliyesikia hatua. Recheli, mtu wa Choma, mwenye ulimi usiozunguka kona, akamshika paji la uso. Hakuna homa.

"Shingo inauma tu," alisema Advera. "Tafadhali usiseme. Ukisema nitaandikwa."

Tuelewane kuhusu huko kuandikwa. Chuo kilikuwa cha uuguzi, cha mtu binafsi, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya kwenda Kwihara, mahali ambapo zamani misafara ilikuwa ikipiga kambi. Wajenzi walipochimba msingi walikuta shanga na vipande vya vyungu; wakavitupa, wakamwaga zege. Mlezi wa mabweni aliitwa Mwalimu Gerson. Hakufundisha somo lolote, na hakuna aliyejua ualimu aliupatia wapi. Kazi yake ilikuwa kutunga kanuni, naye alitunga arobaini na moja, akazibandika nyuma ya kila mlango. Ya tisa iliruhusu ndoo mbili tu kwa kila mwanafunzi. Ya ishirini na sita ilikataza kukaa dirishani "kwa namna ya kutazama". Ya thelathini ilikataza kuugua bila kutoa taarifa siku moja kabla. Maji yalipokatika wiki nzima, hiyo haikuwa na kanuni. Choo kilipoziba, nayo haikuwa na kanuni. Lakini ukikutwa na pasi au jagi la umeme lisiloandikishwa, Gerson alilibeba kwapani akisema, "Bwenini kitu kisicho na mwenyewe ni mali ya Mlezi," na usingeliona tena. Matroni aliyekuwepo alishindwa naye, akaacha kazi. Watu wa aina hii wapo tele. Mpe ufunguo mmoja, atajiona ndiye mwenye mji.

Adhabu yake kubwa ilikuwa kumtoa mtu bwenini, na aliyetolewa bwenini alikosa mtihani, kwa kuwa chuo hakikupokea mwanafunzi wa kulala nje. Advera alikuwa amebakiza miezi minne amalize. Ndiyo maana alinyamaza.

Jumatano hakuweza kuinua kijiko bila kutetemeka. Jumatano hiyo hiyo, kwenye chumba cha mafunzo ya vitendo, Recheli alimburuta hadi kwenye mizani ya wagonjwa. Mwezi uliopita walikuwa wamepimana, Advera akawa na kilo arobaini na nne. Sasa mshale ulipanda ukapita sitini, ukapita sabini, ukasimama themanini na tano. Recheli akampima urefu. Alikuwa amepungua vidole viwili.

Mwenzao wa tatu chumbani, Zuwena, mtoto wa mjini, mjukuu wa fundi magodoro, aliutazama mshale ule akarudi nyuma hatua tatu.

"Mwili mmoja, watu wawili," alinong'ona. "Mimi hapo sipo."

"Funga mdomo, Zuwena. Advera, sema ukweli. Umefanya nini?"

Advera akalia, na hata machozi yalionekana kumlemea.

"Jumatatu nilikuwa zamu ya mlango. Saa saba mchana, nyote mko darasani. Nimeinama naandika daftari, nikasikia mtu anahema kwenye ngazi. Anahema kama ng'ombe aliyekimbizwa. Akasema, 'Nitue, mama.'"

"Nani?"

"Sikumwona uso. Niliona miguu. Mitupu, ya mwanamume, visigino vimepasuka, vumbi hadi magotini. Nikaogopa, mwanamume bweni la wasichana! Mwalimu Gerson alikuwa barazani kwake, nikamwuliza kwa sauti, 'Mwalimu, kuna mtu ana mzigo, nimtue?' Hata hakugeuka. Akasema, 'Kanuni ya kumi na tisa, binti. Mzigo wowote unaofika mlangoni utuliwe, ukaguliwe, uandikwe. Tua.' Nikanyoosha mikono, nikapokea, nikashusha chini. Nilipotazama sakafuni hapakuwa na kitu. Na ile miguu haikuwepo. Lakini ule uzito, Recheli, haukubaki chini. Ulipanda mikononi, ukapita mabegani, ukakaa."

Hakuna binti wa huku anayeweza kumkatalia mtu mwenye mzigo kichwani. Ukikutana naye njiani akasema nitue, unatua. Akishapumzika akasema nitwike, unatwika. Humwulizi jina wala ukoo. Mtoto wa miaka mitano analijua hilo kabla hajajua kuhesabu.

Alhamisi Recheli hakwenda darasani. Alikaa na Advera chumbani, mlango wazi, jua la saa saba limesimama juu ya bati, bweni zima kimya, na katika kimya kile akaanza kusikia kitu kikihema, si Advera, kwa maana Advera alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, kitu kilichohema kwa mkupuo kama mtu anayepanda mlima na hana ruhusa ya kusimama, na pamoja na kuhema kule ikaja harufu, kwanza jasho la siku nyingi, kisha tumbaku kavu, kisha harufu ya mfupa mbichi unaooza kwenye shina lake, nzito hata inzi waliokuwa dirishani wakaondoka wote kwa mara moja, na ndipo Recheli akaona nywele za Advera utosini zikilala zenyewe, taratibu, zikibanwa na kitu kirefu kisichoonekana, na ngozi ya paji lake ikivutwa chini, na shingo ile nyembamba ikishuka, ikishuka, pingili moja baada ya nyingine, huku Advera akisema kwa sauti ndogo isiyo na hasira, "Recheli, nishike, naingia ndani yangu mwenyewe."

Recheli alimshika kidevu kwa mikono miwili hadi saa nane ilipopita. Kisha akatoka, akavuka uwanja jua likimchoma, akaingia ofisi ya Gerson bila hodi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekiuka kanuni ya nne, kuingia bila hodi."

"Niandike. Advera anakufa. Mzigo uliomwambia autue umemkalia shingoni."

Gerson akaegemea kiti, akacheka kwa pua. "Jini?"

"Liite utakavyo."

"Jini halina usajili katika bweni langu. Huyo binti ana uvivu wa mtihani. Aliugua Jumanne, taarifa alitoa lini?"

"Mwalimu, una moyo au una daftari?"

"Rudi chumbani kabla sijakutoa wewe badala yake."

Jioni, Zuwena akampigia babu yake. Mzee Uwesu akaja kwa baiskeli, sindano ya kushonea magodoro imechomekwa kwenye kofia. Kwa kuwa kanuni ilikataza mwanamume asiye mfanyakazi kuvuka geti, walimkokota Advera hadi getini, wakazungumza na mzee kupitia nondo, kama wafungwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Huyo aliyemwambia amtue ni mpagazi," alisema mara tu alipomwona Advera, wala hakuinua sauti. "Walipita hapa na pembe za ndovu, pembe moja uzito wa mtu mzima, bega limechubuka hadi nyama. Mtu akifia njiani wanamwacha. Mzigo hauachwi. Wengine waliitua pumzi, mzigo wasiutue."

"Ana ubaya gani na Advera?" akauliza Recheli.

"Hana ubaya. Kachoka. Alisema nitue, akatuliwa, akashukuru, akaenda zake. Mzigo ndio umebaki. Na njia ile ilikuwa na sheria moja: aliyetua ndiye atwike. Kesho saa saba, pale pale mlangoni, binti anyanyue mikono aurudishe kwa msafara. Lakini aliyesema 'tua' aseme kwanza 'toka'. Neno moja tu. Bila hilo, atanyanyua hewa."

"Asiposema?"

Mzee Uwesu akamtazama Advera, akaangalia pembeni. "Ijumaa hii aseme. Jumamosi shingo haitakuwepo."

Ijumaa saa sita na nusu bweni zima lilikuwa limejaa ngazini, wasichana sitini wamebanana, hakuna aliyethubutu kukohoa. Recheli na Zuwena walimleta Advera wakimkalisha kila hatua nne. Kidevu chake kilikuwa kimegusa kifua. Gerson akaja na bulungutu la fomu kwapani na muhuri mkononi. Hakuja kuokoa mtu. Alikuja kuonyesha kwamba hata majini yakitaka kuondoka, yatapita mezani kwake.

"Mwalimu," alisema Recheli, "sema neno moja. Toka."

"Mzigo hautoki bwenini kwa mdomo. Unatoka kwa Kibali cha Kutoa Mzigo." Akafungua fomu gotini. "Aina ya mzigo: haijulikani. Uzito?"

"Kilo arobaini na moja," akasema Zuwena.

"Jina la mwenye mzigo?"

Mzee Uwesu akapiga kelele kutoka getini, mikono kwenye nondo. "Usiandike jina la mtu aliye hai hapo, bwana! Sema toka, yaishe!"

"Huyo mzee nani? Kanuni ya kumi na moja, mgeni hapigi kelele."

Recheli akasogea mbele. Angeweza kunyamaza. Mungu anajua alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Lakini hakulelewa hivyo.

"Mwalimu Gerson, nakwambia mbele ya watu wote hawa wasikie. Acha nafasi hiyo wazi. Usiweke jina lako."

"Fomu yenye nafasi wazi ni batili."

"Basi ichane. Sikuhadai, sikutanii. Ukiandika jina lako hapo, mzigo ni wako."

Gerson akampandisha na kumshusha kwa macho. "Mtoto wa wafuga ng'ombe wa Choma. Unanifundisha kujaza fomu niliyoitunga mimi? Kitu kisicho na mwenyewe ni mali ya Mlezi. Kanuni hiyo wewe mwenyewe unaijua." Akaandika herufi moja moja, kwa mwandiko mzuri, hilo tumpe, mwandiko alikuwa nao. Akapuliza wino. Akagonga muhuri. "Haya. Toka!"

Advera akanyanyua mikono.

Kwanza haikuonekana kitu, binti tu amenyoosha mikono juu kama anayeanika shuka, kisha mikono ikaanza kutetemeka, kisha ikatanuka kana kwamba imekumbata kitu kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, na harufu ile ya mfupa ikashuka ngazini hadi wasichana wa mbele wakatapika kwenye kanga zao, na shingo ya Advera ikaanza kulia, pingili moja, ya pili, ya tatu, kama mtu anayevunja vidole, ikipanda, hadi uso wake ukatokea juani, mweupe kwa chumvi ya machozi, akasema lile neno la visimani ambalo mama yake alimfundisha, "Pokea, nakutwika," akasukuma mbele, akaachia.

Alianguka mikononi mwa Recheli, mwepesi kama kapu tupu. "Nina njaa," alisema, akazimia.

Kalamu ya Gerson ikadondoka.

Alitaka kuinama aiokote, akashindwa. Akatazama juu, akashindwa. Mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe, ukashika kitu begani, na magoti yakafunguka kidogo jinsi yanavyofunguka ya mtu anayejua kubeba, ijapokuwa huyu hajawahi kubeba hata ndoo yake ya kuogea. Macho yakamtoka. Yakamtafuta Recheli.

Recheli alimlaza Advera, akapiga hatua moja. Mikono yake ilikuwa imeshaanza kunyanyuka, kwa mazoea tu, bila yeye kuiamuru.

"Mjukuu wangu!" Uwesu aliita. "Ukimtua, ni wako wewe."

Recheli akaishusha mikono.

"Nilikwambia," alisema. Hakupaza sauti. Hakutabasamu pia.

Gerson akageuka. Viatu vyake vilivyopakwa rangi vilitoka mguu mmoja mmoja vikabaki ngazini, naye akatembea peku juu ya kokoto za moto kuelekea getini, na mlinzi akafungua bila kuulizwa. Nje, barabarani, hapakuwa na mtu wala gari. Palikuwa na vumbi tu, limesimama kimo cha mtu, mstari mrefu hadi lilipopotea machoni upande wa magharibi, na upepo haukuwepo. Ndani ya vumbi lile sauti ya mtu mzima, kavu, isiyo na haraka, ilikuwa ikiita majina.

"Ngollo."

"Nipo," likajibu vumbi.

Jina jingine, la kale. "Nipo." Jingine tena. "Nipo." Wasichana sitini walisikia, na mlinzi alisikia, na Mzee Uwesu alivua kofia. Kisha ile sauti ikanyamaza kidogo, kama mtu anayesogeza karatasi karibu na macho asome mwandiko mpya.

"Gerson."

"Nipo, bwana," akajibu, kwa adabu ambayo chuoni pale hakuna aliyewahi kuisikia kwake, akaingia kwenye mstari.