Kinasaukemi cha Bi Mwanamvua

Kinasaukemi kilikuwa kidogo kuliko punje ya choroko. Kililazwa chini ya ngozi ya mkono wa Bi Mwanamvua, na kazi yake ilikuwa kusikiliza. Seli za kinga huitana kwa ukemi wa kemikali adui anapoingia mwilini. Katika ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi huitana bila adui. Ngozi ikisikia wito huo hujizidisha mbiombio, tabaka juu ya tabaka, mpaka iwe magamba. Kidude kile kiliunasa ukemi kabla haujafika ngozini.

Aliyekiunda ni binti yake, mhandisi Raiye. Katika Tanga ya wakati huo roboti zilipika na kufua, lakini biarusi bado alisingwa, yaani kusuguliwa mwili kwa singo ya manukato, kwa mkono wa mtu. Bi Mwanamvua alikuwa msingaji hodari, ila kwa miaka mingi watu walimkwepa wakidhani magamba huambukiza. Sasa viganja vyake vilikuwa laini, na mwezi ujao angemsinga mjukuu wake, Mkasi.

"Mama, hebu fungua kinywa," Raiye alisema.

Ulimi ulikuwa na utando mweupe. Raiye akanyong'onyea. Ukemi uleule ndio huwaamsha walinzi wa kinywa dhidi ya kuvu, naye alikuwa ameuzima wote.

"Itabidi nikilegeze kidude, kiachie ukemi kidogo. Magamba yatarudi kidogo."

"Kilegeze baada ya harusi."

"Kumeza kwenyewe kunakushinda. Pilau utaila vipi?"

"Nitaitazama."

Mkasi alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Mke mwenzangu anataka kufa njaa aniharibie harusi. Wivu huo."

"Nenda zako. Wakwe zako watasema umesingwa na kenge."

"Waseme. Mikono hiyo imeniogesha sijaota hata jino. Lini nilikukimbia, Bibi?"

Bi Mwanamvua akamnyooshea Raiye mkono. Raiye alikuwa ameunda chombo kile kwa ajili ya waliokimbia. Hakuwahi kumfikiria aliyebaki. Akakilegeza.

Siku ya singo ulimi ulikuwa safi, lakini magamba yalikuwa yamechungulia kwenye vifundo vya vidole. Shangazi wa bwana harusi aliyaona, akavuta kiti chake nyuma. Bi Mwanamvua akasita, mkono juu ya bakuli.

"Unangoja nini, mke mwenzangu?" Mkasi akaunyoosha mkono wake.

Bibi akachota singo, akaanza kusugua taratibu, kiwiko mpaka kiganja. Raiye akamgeukia yule shangazi ili amweleze habari za seli na ukemi wake. Lakini haikuwa na haja, maana shangazi alikuwa ameanza kukisogeza kiti karibu tena.